Kompyuta Iliyobeba Barabara ya Mahenge

Marahaba, wajukuu zangu. Najua hamjaniamkia bado, lakini nawafahamu: mtaniamkia mkishamaliza hiyo raundi ya gemu, kwa hiyo napokea mapema ili tusicheleweshane. Mimi ni Hedwiga, yule fundi kompyuta wa Mlabani, hapa Ifakara, ambaye baba zenu walimwita Mama Ngoja. Banda langu nimeshawaachia wengine. Macho hayaoni tena skrubu ndogo na mikono imeanza kutetemeka. Nilichobaki nacho ni masikio na mdomo, na leo ni zamu ya mdomo.

Jina la Ngoja nililipata kihalali. Kijana akiingia bandani na kuniambia, "Mama, mashine yangu haifai tena kwa gemu, nataka mpya," jibu langu lilikuwa moja: ngoja kwanza. Wenzangu wa biashara walinicheka sana. Fundi gani anamfukuza mteja, tena msimu ambao watu wameshauza mpunga na kila mmoja anatamani kitu kipya nyumbani? Hawakukosea kunicheka. Lakini nimefungua kompyuta nyingi za bonde hili, na nawaambia kweli, zilizokuwa zimefika mwisho wake ni chache. Nyingi zilikuwa zinaumwa tu, na mwenye mali hajui zinaumwa nini.

Chukueni habari ya Faustini wa Kiberege. Alikuja kwa bodaboda ameipakata kompyuta yake mapajani, ameikumbatia vizuri, akaiweka mezani kwangu na kusema, "Inastaki, Mama. Nikipiga mpira leo, unafika golini kesho." Mpya alikuwa ameshaichagua, alitaka tu nimhamishie mafaili yake. Nikamuuliza nyumbani ameiweka wapi. Akasema stoo, juu ya magunia ya mpunga, ndiko kuliko na soketi.

"Na hiki ulichoifungia ni nini?"

"Chandarua, Mama."

Alikuwa amekata chandarua akakikunja mara mbili, akakishona kama foronya, akaivalisha mashine nzima na kuikaza kwa mpira wa baiskeli. Alitaka wadudu wasiingie, na vumbi lisiingie. Nilicheka mpaka nikakaa, ila sikumlaumu. Sisi wa huku tunafundishwa tangu uchanga kwamba unachokipenda kinalala ndani ya chandarua. Ajabu ni kwamba vumbi la pumba lilikuwa limejaa kwenye vile vitundu mpaka chandarua kimekuwa blanketi, na ile mashine masikini ilikuwa inacheza mpira mchana wa joto la Kiberege imejifunika blanketi. Nikaivua, nikaipiga brashi, nikaipuliza, nikafuta dawa ya kupoza prosesa iliyokauka na kuipaka nyingine, ile inayofanana na dawa ya meno. Tulipoiwasha mpira ulikwenda golini siku hiyohiyo. Faustini akaniomba chandarua chake. Alisema kitawafaa vifaranga.

Basi lishikeni hilo. Mashine inayoanza vizuri halafu ikachoka baada ya muda kidogo haijazeeka, ina joto. Wekeni kiganja pale hewa inapotokea. Kama hewa ni ya moto na inatoka kwa shida, tafuteni brashi kabla hamjatafuta duka.

Na umeme nao uangaliwe. Nina mteja mmoja, simtaji maana bado tunasali kanisa moja, alinunua kadi ya picha kubwa kuliko zote zilizowahi kufika mtaani kwake, ina feni zake na taa zake. Nyumba yake imepakana na mashine ya kukoboa mpunga. Kila mashine ya jirani ilipoanza kukoboa, umeme ulishuka na kompyuta yake ikazima hapohapo. Kabla ya kununua ile kadi alikuwa anacheza bila shida, maana mashine ilikula umeme kidogo. Sasa alilazimika kumpelekea jirani mtu wa kuuliza leo wanakoboa mpaka saa ngapi, ndipo apange kucheza. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Haya niliyajua kwa sababu nilifundwa na mtu aliyekuwa na subira kunishinda. Mzee Kalistus alikuwa fundi redio, na mimi nilikwenda kwake nikiwa msichana ninayependa kufungua vitu. Hakuniruhusu kufungua redio yoyote mpaka nimwambie inasema nini. Si nyimbo, hapana. Ule mkwaruzo, mvumo, mlio mdogo wa nyuma. Kompyuta zilipoingia Ifakara alikuwa ameshazeeka, lakini aliweka sikio lake kwenye sanduku la bati mbele za watu, wateja wakakonyezana. Akainuka akasema feni ya kushoto inakaribia kufa. Tukafungua, tukakuta hivyo. Nilistaajabu, maana kile kifaa alikuwa hajawahi hata kukitumia. Aliniambia, "Kitu kinachoumwa hakinyamazi. Ni wewe ndiye hujanyamaza."

Msidhani nawafundisha haya kwa sababu nadharau gemu. Mara ya kwanza kuona maji ndani ya gemu nilikuwa nimezoea kompyuta za ofisini, zile za kuandikia barua na kuchapa mitihani. Kijana mmoja aliniachia mashine niisafishe, nikaiwasha kuijaribu, na mto ukatokea kwenye skrini. Mimi nimekulia jirani na mto. Nimefua nguo pale, nimewasikia viboko wakikoroma asubuhi. Yale maji yalikuwa na mwanga unaovunjikavunjika juu yake vilevile, na matete yakiinama yaliacha kivuli kinachotembea. Nilisimama na brashi mkononi nikasahau kazi. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nikaelewa siku hiyo kwamba kila jani lile kuna mtu alikaa akaliwaza, na kwamba lile sanduku dogo la bati lilikuwa linayachora majani yote upya kila nikipepesa jicho. Mshangao huo haujanitoka mpaka leo.

Lakini ulikuja kuzidiwa, na hilo ndilo lililonikalisha hapa niwasimulie.

Hapa Mlabani yupo binti anaitwa Honorata. Ni msusi. Ana kibanda cha saluni mbele ya nyumba yao, ndani yake kuna kiti kizuri cha kuzunguka na drya ya kusimama, na vitu hivyo viwili ndivyo vinavyoilisha nyumba. Baba yake ni Mzee Bonifasi, aliyekuwa dereva wa malori. Watu wazima wa mji huu wanamkumbuka. Ndiye aliyekuwa akipandisha chumvi, sabuni na mabati Mahenge na kushuka na maharage na ndizi, enzi ambazo mto ulivukwa kwa pantoni, kabla daraja halijajengwa. Kisha kiharusi kikampata. Kikamnyang'anya mkono wa kulia na maneno. Katika maneno yote aliyokuwa akiwatukania matingo wake alibakiwa na "ndiyo" na "hapana", na hata hayo wakati mwingine aliyachanganya.

Hospitali walimpa mpira mdogo wa kuminya ili mkono urudi. Aliurusha dirishani kwa mkono ule mzima, kuku wakatawanyika. Wakamweleza Honorata bila kumficha kwamba mkono usipofanyishwa kazi utajikunja kifuani, na ukikaa hivyo muda mrefu hautakunjuka tena. Binti akafikiri ni kazi gani ambayo baba yake hawezi kuikataa. Akatafuta kompyuta iliyostaafu ofisini, akatafuta usukani wa gemu uliotumika, wenye pedali na gia yake, akamwekea gemu la kuendesha malori.

Mzee alikataa. Gemu lilikuwa la nchi za watu, ambako magari yanapita upande wa kulia na usukani uko kushoto. Kila Honorata alipomkalisha alipiga meza, "Hapana." Alikuwa ameendesha maisha yake yote upande wa kushoto wa barabara, usukani kulia na gia kushoto, na hakuwa tayari kuvunja sheria kwa sababu ya kiharusi.

Kumbe hayo magemu yana mlango wa nyuma. Wachezaji wanaruhusiwa kutengeneza barabara zao wenyewe na kuziingiza humo. Honorata akajifunza kwa video za mtandaoni, akiwa na kitana mkononi na kichwa cha mteja mbele yake, na akaanza kuijenga barabara ya kutoka Ifakara kwenda Mahenge. Akahamisha usukani kulia. Siku asizokuwa na wateja alipanda bodaboda, akapiga picha kona, makalavati, mashamba ya mpunga na nyumba za njiani, akarudi kuzichora. Baba yake akawa msimamizi. Mahali palipokosewa alipiga meza, binti akarekebisha mpaka aambiwe "ndiyo". Kulikuwa na shimo la tope kabla ya kufika mtoni, lililokuwa likiwalaza madereva nje kila masika. Siku hizi halipo, na Honorata hakuwahi kuliona. Mzee alipiga meza pale mpaka binti akalichimba, akalijaza tope. Alipolipita kwa mara ya kwanza lori likanasa, na Mzee Bonifasi akacheka. Honorata alitoka nje akalia nyuma ya nyumba.

Na mkono, je? Sikilizeni hapa. Kwa gari la kwetu, mkono wa kushoto ukienda kwenye gia, wa kulia unabaki kwenye usukani, upende usipende. Mwanzoni Honorata aliufunga mkono wa baba yake kwenye usukani kwa kipande cha kitenge. Baadaye akakilegeza. Ikafika siku akakiacha kabisa, na vidole vikashika vyenyewe, kwa muda mfupi, lakini vikashika.

Hapo ndipo kompyuta ilipoanza kustaki.

Binti alifika kwangu mchana anahema, ana nywele bandia za mteja begani.

"Shikamoo, bibi Hedwiga."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Nina shida, bibi, lakini naomba usiniambie ningoje."

Akanieleza. Barabara ilikuwa imerefuka, na sasa lori likikaribia mto picha inaganda, kisha inaruka, na lori linajikuta limelala ubavu mtaroni. Mzee aliyeendesha miaka yote bila kulaza gari sasa alikuwa analilaza kila siku mbele ya mwanawe. Aliona haya. Alikuwa amegeuza kiti chake kikatazama ukuta na hakutaka tena kuuona usukani, na mkono umeanza kurudi kifuani. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuwa na kompyuta ya gemu inayowaka taa za rangi zote, na alikubali kuitoa kwa kubadilishana na kile kiti na ile drya. Jumamosi angekuja kuvichukua.

"Na wewe utasukia wapi?"

"Chini, kwenye mkeka. Wapo wanaosukia mkekani, bibi."

"Wapo. Na wateja wako watakaa mkekani?"

Alizitoa zile nywele begani. Alisema, "Mkono ukishakauka, kiti kitanisaidia nini?"

Ningefanya nini? Nilichukua mwavuli wangu nikamfuata.

Niliikuta mashine safi kuliko nyumba nyingi, maana Honorata aliipiga brashi kila wiki. Hewa ilitoka vizuri, haikuwa ya moto. Umeme ulikuwa umetulia. Nikamwambia aipunguzie picha ubora, iwe mbaya kabisa, maana hicho ni kipimo kizuri na nataka mkijue: ukipunguza picha na gemu likawa jepesi, aliyechoka ni kadi ya picha. Ukipunguza na hali ikabaki ileile, mwache huyo, mtafute mwingine. Hali ilibaki ileile. Basi nikamhitaji dereva.

"Hapana," alisema Mzee Bonifasi kwa ukuta.

"Bonifasi," nikamwambia, "mimi nimeshapanda lori lako. Nilikuwa nakwenda msibani Mahenge, ukatusimamisha nusu ya siku ununue kuku njiani. Tulifika watu wameshazika. Leo nipeleke japo mpaka mtoni, tena usisimame."

Mabega yakamtikisika kidogo kwa kicheko, akakigeuza kiti.

Alipoanza kuendesha mimi sikutazama skrini. Nilipiga magoti kwa tabu, nikaweka sikio kwenye sanduku, nikafumba macho. Feni ilivuma sawasawa. Tukatoka mjini, tukapita mashamba, feni ileile. Kisha Honorata akanong'ona, "Tunaukaribia mto," na papo hapo nikasikia ndani ya sanduku mkwaruzo, kr, kr, kr, mfululizo, kama panya ndani ya debe. Nikafumbua macho. Taa ndogo ya diski ilikuwa imewaka na haizimi. Kwenye skrini lori limeganda. Mkwaruzo ulipokoma, lori likaruka likalala mtaroni, na Mzee akautoa mkono wake kwenye usukani.

Nitawaeleza kama nilivyomweleza Honorata. RAM ni meza ya jikoni na diski ni stoo. Unachopika sasa hivi kinakaa mezani, kingine kinakaa stoo. Meza ikijaa, mpishi anaanza kukimbia: anarudisha sufuria stoo ili apate nafasi ya ungo, anaurudisha ungo afuate sufuria, na walaji wanasubiri. Diski ya zamani ile inayozunguka ni stoo ya mbali, na mlango wake mgumu. Prosesa haikuwa na kosa. Kadi haikuwa na kosa. Mpishi alikuwa amekosa meza.

Tukafungua ule ukurasa unaoonyesha kazi za mashine. Kumbukumbu, yaani hiyo RAM, ilikuwa imejaa mpaka juu kabisa.

"Imejaa nini hii?" nikamuuliza.

"Ng'ambo ya mto, bibi. Nimeshafika Lupiro. Kila mti nimeupanda mwenyewe."

Wajukuu zangu, hebu fikirini. Ile kompyuta ilitengenezwa iandike barua za ofisi. Ilikuwa imekaa miaka kwenye meza ya mtu ikihesabu bahasha. Na sasa binti wa Mlabani, ambaye hakuna shule iliyomfundisha kazi hiyo, alikuwa ameijaza mto, pantoni, matete, tope la masika ambayo hakuyaona, na nusu ya wilaya ya Ulanga, mti kwa mti, ili mkono wa baba yake upate sababu ya kunyooka. Nilikuwa nimewaambia watu wangoje maisha yangu yote. Hapa nilikuwa mbele ya mashine iliyofika mwisho wake kweli, na haikufikishwa na vumbi wala na wivu wa kuona cha jirani. Ilifikishwa na kazi. Nilijisikia kama nimeingia kanisani.

"Hii usingoje," nikamwambia. "Lakini kiti chako usikitoe. Tunaongeza RAM, na tunang'oa hiyo diski tunaweka ile isiyozunguka. Vingine vyote viache."

"Una hakika, bibi? Yule mtu akija Jumamosi nikamrudisha, ataiuza kwa mwingine."

Nikamwambia nina hakika. Nilipotoka nje hakika ikapungua. Sikio langu nalo lina umri. Kama nilikuwa nimesikia vibaya, binti angekosa ile mashine, na Mzee angelala mtaroni tena, na safari hii asingekigeuza kiti kwa utani wangu wala wa mtu mwingine.

Waliorithi banda langu waliagiza vifaa Dar. Jumamosi mfanyabiashara alifika na mkokoteni, Honorata akamrudisha, na vifaa vilikuwa bado njiani. Jioni basi likaingia navyo.

Tulivifunga Jumapili baada ya misa. Mikono yangu isingeweza, kwa hiyo nilisimama na kuelekeza, na Honorata akafanya. Mtu anayeshika nywele za watu siku nzima bila kuwaumiza hafundishwi kushika RAM. Aliiweka kwenye nafasi yake, akaibonyeza mpaka vikasikika vile vishikizo vya pembeni vikijifunga. Akahamishia kila kitu kwenye diski mpya. Mchana ukapita, chai ikanywewa, na Mzee Bonifasi hakusema hata "hapana" yake. Alitutazama tu, amevaa shati la kanisani, mkono umelala kifuani.

Kazi ilipoisha nikasubiri aitwe. Hakuitwa na mtu. Alikisogeza kiti mwenyewe, akauinua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauweka kwenye usukani.

Honorata na mimi tulikaa nyuma yake kwenye benchi. Lori likatoka Ifakara. Likapita mashamba, likaingia kwenye lile shimo la tope, likahangaika, likatoka. Mto ulipokaribia nikafumba macho nisikilize. Hapakuwa na mkwaruzo wowote. Nikafumbua macho, na picha ilikuwa inakwenda, laini, mpaka ukingoni, na pantoni ikawa mbele yetu imeegeshwa. Alikuwa hajawahi kuifikia akiendesha; aliikagua tu binti alipokuwa akiichora.

Hakuingia. Alisimamisha lori, akavuta breki ya mkono, akageuka nusu akatutazama. Mkono wake wa kushoto ukaonyesha chini. Akaonyesha tena.

"Unataka maji, baba?"

"Hapana."

"Umechoka?"

"Hapana." Akaonyesha chini, kwa nguvu zaidi, kwangu na kwa Honorata.

Honorata alinitazama. Hakuweza kujua, yeye mto ameuvuka darajani. Mimi nilijua. Kwenye pantoni abiria walikuwa wanashuka. Lori lilipanda na dereva peke yake, ninyi mkapanda kwa miguu na kusimama pembeni, na hiyo ilikuwa sheria ya mto, haikubishiwa na mzee wala mjamzito.

"Simama," nikamwambia binti. "Tunashushwa."

Tukasimama. Ndipo akaliingiza lori taratibu kwenye pantoni, akazima injini. Honorata alikuwa ameufanya uvukaji kuwa wa polepole, kama baba yake alivyomtaka. Maji yalipita chini, yana ule mwanga. Magoti yaliniuma, na benchi lilikuwa nyuma yangu palepale, lakini sikukaa. Kisha ng'ambo ikaanza kutokea: matete, halafu udongo mwekundu wa barabara, halafu mbali kabisa, rangi ya bluu, milima ya Mahenge. Nilimwona Mzee Bonifasi ameinua kidevu.

Pantoni ikagonga ukingo. Akawasha, akalitoa lori, akapanda nalo kidogo, akasimama pale malori yalipokuwa yakisimama. Akageuka. Tukasubiri atuonyeshe kwa mkono, lakini mkono haukunyanyuka. Mdomo wake ulihangaika, ukafunguka, ukafunga, ukafunguka.

"Pandeni," alisema.

Nikamshika Honorata kiwiko nikampandisha kwanza kwenye benchi, akakaa katikati. Mimi nikakaa mlangoni. Nikanyoosha mkono kushoto kwangu kwenye hewa tupu, nikavuta mlango nikaufunga, na yeye alisubiri mpaka nimeufunga. Kisha mkono wake wa kushoto ukaenda kwenye gia, wa kulia ukabaki peke yake kwenye usukani, umeushika, na tukaondoka.